Barua kwa mwanangu: safu ya mwisho

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umepewa uongozi wa baraza la sanaa na moyo bado uko jukwaani, kwa hiyo unataka kujua kama mama mkubwa wako, yule rafiki yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kujuta kuacha kuigiza akaingia ofisini. Kujuta kwake sikuwahi kumwuliza. Ninachoweza kukueleza ni alivyokuwa akikaa ukumbini.

Alikaa nyuma. Safu ya mwisho kabisa karibu na mlango, hata alipokuwa mwenyekiti wa baraza na kutengewa kiti cha mbele. Daftari mapajani, penseli mkononi, na kila mtu akikohoa anapiga kistari. Alikuwa akisema mtazamaji anakohoa akichoka. Mchezo ukimshika, hata mwenye kifua anakisahau kifua chake. Tena aliyelipa kiingilio kidogo ndiye anayekaa kule, na maneno yasipomfikia yeye, hayajafika. Ndiyo maana nasema siku zote, utanisamehe nikirudia: kiongozi wa sanaa ni yule anayekaa nyuma.

Sasa nikwambie jambo. Ile miaka miwili ambayo hakuja nyumbani, tuliwaambia amesafiri. Hakusafiri.

Unaukumbuka ule mchezo wa mjane na kisima, mlipokuwa mkilala chini ya meza ya maleba wakati wa mazoezi? Kikundi chetu kiliuombea ruzuku barazani kwake, na ombi lilikuwa na jina langu. Kikao kilipolifikia, mwenyekiti akasimama, akasema mwandishi ni rafiki yake, akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Tukanyimwa. Nililipata hilo kwa mtu mwingine aliyekuwamo. Pesa zikaenda kwa wenzetu, na mmoja wao hata pazia hakufungua.

Nilimfuata ofisini. Nikamwuliza kama dakika mbili za kunisemea zilimshinda, sisi tuliojipaka poda miaka yote kwenye kioo kimoja. Hakupandisha sauti. Akaanza kisa chake cha Hallie Flanagan, ambacho hata ninyi mnakijua. Mama yule aliongoza mradi wa maigizo wa serikali ya Marekani tangu 1935, uchumi ulipokuwa umeanguka, akawapa kazi watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wakikaa bure: waigizaji, mafundi wa taa, washona maleba. Desemba 1938 akaitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Mbunge mmoja akamshika kwa jina la Marlowe, alilolitaja katika makala yake: huyo Marlowe naye ni mkomunisti? Christopher Marlowe, aliyekufa 1593! Flanagan akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ndiye aliyekuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia kabla tu ya Shakespeare. Ukumbi ukacheka. Tarehe 30 Juni 1939 mradi ulikuwa umekwisha, bunge limekata pesa.

"Wale hawakuwa na sababu," akaniambia, "na bado walifunga. Fikiria wangekuwa nayo. Sitaki jina lako liwe ndiyo sababu yenyewe."

Nikaondoka bila kuaga. Hapo ndipo ninapobishana naye mpaka leo, yeye kaburini na mimi naosha vyombo. Kama Flanagan alikuwa na mikono safi na hiyo mikono haikumsaidia, rafiki unamtoa kafara ya nini? Kisha najijibu: na yule kijana aliyeleta ombi lake pale, asiyemjua mtu hata mmoja barazani, angeambiwa nini kama mwenyekiti angebaki kitini akanisemea? Nanyamaza kidogo. Halafu linapanda tena. Kutoka nje, sawa. Kukaa kimya kwenye kikao, sawa. Lakini usiku ule angenipigia simu. Simu moja, niisikie kwake kabla ya kuisikia kwa watu.

Mchezo tuliufanya hivyo hivyo, mapazia tukashona kwa shuka zangu. Usiku wa tatu nilichungulia nikamwona: safu ya mwisho, daftari mapajani. Tiketi alilipa. Hakuja nyuma ya jukwaa kunisalimia, nami sikumfuata. Alirudi kwetu baba yenu alipoanza kuugua, akaingia moja kwa moja jikoni kana kwamba alitoka jana, na hilo jambo hatukuligusa tena.

Ukiniuliza kama alikosea, ulimi unaniwasha. Lakini kazi ni yako, sitaki uingie nayo ofisini ukiwa umebeba hasira yangu. Basi sisemi. Ukiichukua, kaa nyuma, hilo tu, na wakikuletea kiti cha mbele mpe mgeni.

Baada ya mazishi wanawe walinipa sanduku la madaftari yake. Nilikaa nalo wiki nzima bila kulifungua, kisha nikautafuta usiku ule. Upo. Jina la mchezo juu, na maonyesho yamepangwa chini yake. La kwanza vistari viwili. La pili na la tatu, hakuna. La nne ni pale mjane anapozungumza na maji, lile onyesho ambalo kikundi kizima kilinisihi nilikate nikakataa. Vistari 11, nimevihesabu kwa kidole. Pembeni ameandika kwa mwandiko wake ule mdogo: "Refu. Asilikate."

Daftari liko kabatini kwangu. Ukija nitakuonyesha, ila usiniombe nikupe.

Mama yako