Jibu: Namba za uthibitisho zinaniamsha usiku

Salaam ndugu. Unasema namba za uthibitisho za kuingilia akaunti yako, ambazo hukuziomba, zinaingia kwenye simu saa nane usiku, unaamka na usingizi haurudi. Yalinikuta hayo. Kwanza, usimtajie mtu namba hizo, hata akijiita mhudumu. Kisha fungua mipangilio ya akaunti, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Usichokitambua kiondoe, ndipo ubadilishe nywila. Mimi nilikuta simu niliyoiuza zamani bado imo! Nywila mpya iwe ndefu na isitumike kwingine, halafu uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia.

Usingizi? Simu ilale sebuleni, utafute saa ya kengele. Siku za mwanzo mkono utaipapasa tu. Hukutaja ni akaunti gani. Kama ni ya benki, wapigie kabla ya yote.