Mgonjwa wa ini akianza kukesha, msikimbilie dawa ya usingizi

Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa kule Rungwe, pombe hakuigusa maisha yake yote. Kwa hiyo alipoambiwa ini limesinyaa kwa homa ya ini aina ya B, nusu ya ukoo haikuamini. Ila leo naandika habari ya usingizi wake, maana hapo ndipo tulipokosea.

Kila asubuhi alipeleka maziwa kituoni, na lita zake akaziandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko ulionyooka. Miezi ile tarakimu zikaanza kuyumba, 7 ikafanana na 1. Tukadhani ni macho ya uzee. Mchana akawa anasinzia na kikombe cha chai mkononi; usiku saa nane anavaa mabuti na kutafuta jembe aende kupalilia migomba. Jirani akasema karogwa. Sisi tukaenda duka la dawa, tukauziwa vidonge vya usingizi. Alilala hadi jioni ya siku iliyofuata, na alipoamka hakumtambua mama mkubwa.

Daktari alitueleza hivi. Bakteria wa tumboni hutengeneza amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, na ini lenye afya huigeuza yurea, taka isiyo na sumu kali, ikatoka na mkojo. Ini likiharibika, amonia hupita na damu hadi kwenye ubongo. Huko seli ziitwazo astrositi huipokea na kuigeuza glutamini, glutamini inarundikana, seli zinavimba, na kazi ya ubongo inavurugika. Dawa ya usingizi juu ya hali hiyo ni hatari kweli.

Baadaye nilisoma kuhusu panya wa maabara, nikamwona baba mkubwa mle. Panya kwa kawaida hulala mchana na kuhangaika usiku. Wataalamu wakiunganisha mshipa unaopeleka damu kwenye ini na mshipa mkubwa unaorudi moyoni, ili damu ilikwepe ini, amonia hupanda na panya hupunguza mbio zake za usiku. Mpangilio wake wa siku unalegea. Panya hajui uchawi wala hana mawazo ya kustaafu. Saa ya mwili imo ndani ya ubongo, na ini likiugua, saa hiyo nayo inayumba. Isitoshe, ini ndilo linaloondoa melatonini, homoni ya usiku, kwenye damu. Likishindwa, homoni hiyo hubaki hadi mchana.

Kwa hiyo mgonjwa wenu akigeuza usiku kuwa mchana, mpelekeni hospitali kabla hajachanganyikiwa. Muulizeni choo. Kufunga choo huongeza amonia, ndiyo maana baba mkubwa alipewa laktulosi, dawa ya maji yenye utamu, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Msimnyime maharage, mayai wala maziwa kwa kuogopa protini. Ushauri huo wa zamani umeachwa, kwa sababu misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Sisi tulimpa uji kabla ya kulala asikae na njaa usiku kucha, na asubuhi ukungu ukiondoka tulimtoa nje apate mwanga.

Daftari la maziwa tuliliendeleza. Upande mmoja saa alizolala, upande wa pili idadi ya choo, na kila jioni chini yake anaandika jina lake. Siku jina likiyumba, hatukungoja usiku uingie.