Je, Pepo ni Picha Anayojichorea Kila Mtu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mwaka jana nilifiwa na binti yangu wa miaka sita. Hivi karibuni nilitazama pamoja na kijana wangu filamu ya makala ambamo watu wa kawaida, wazee kwa vijana, wanaulizwa kama wanaamini kuna Pepo, ikoje, nani ataingia, na kama wanaogopa kufa. Kila mmoja alikuwa na Pepo yake. Bibi mmoja alieleza kwamba alikufa katika chumba cha upasuaji, akaona nuru na jamaa zake waliotangulia, akaambiwa kuwa watu wote watapokelewa bila kuulizwa lolote. Mzee mwingine akasema kwamba Pepo ni picha ambayo kila mtu hujichorea ili aweze kuvumilia misiba. Neno hilo limenikaa moyoni. Mimi humwona binti yangu kwa mawazo, yuko bustanini anacheza; je, nami najichorea tu? Nikisali, moyo haupo. Kijana wangu naye ananiuliza nani kati ya wale alisema kweli, nami sina la kumjibu. Juu ya hayo, shemeji yangu ameniambia kwamba kwa kuitazama filamu ile nimetoka katika Uislamu na kwamba nitamke shahada upya. Naomba jibu.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu aupoze moyo wako, mama, na amjaalie binti yako kuwa akiba yako mbele Yake. Nitaanza na maneno ya shemeji yako, kwa sababu ndiyo mepesi kuyajibu na ndiyo yaliyokuongezea mzigo ambao hukustahili kuubeba.

Hujatoka katika Uislamu. Kuisikia kauli ya anayeikanusha Akhera si kuikubali, na lau ingekuwa hivyo basi hata msomaji wa Qur'ani asingesalimika, maana Qur'ani yenyewe imetunukulia kauli za wakanushaji: "Ni nani atakayeihuisha mifupa nayo imekwisha kumung'unyika?" (Yasin 36:78), na "Hakuna ila uhai wetu huu wa duniani, tunakufa na tunaishi, na hapana kinachotuangamiza isipokuwa dahari", yaani kupita kwa zama (Al-Jathiya 45:24). Kilichokatazwa katika Sura An-Nisaa, Aya ya 140, ni kukaa na watu wanaozikejeli Aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Ikiwa filamu hiyo ina kejeli ya namna hiyo, usiirudie; ikiwa ni watu wanaoeleza kwa staha yaliyomo vifuani mwao, haiharibu dini yako. Ama shemeji yako, na aisome vizuri hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu anapomwambia ndugu yake "Ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Kumtoa mtu katika dini ni hukumu ambayo wanazuoni wakubwa waliiogopa, wala haitolewi sebuleni kwa mama aliyefiwa.

Lililonisukuma kuandika jibu refu ni neno la yule mzee. Nimelisikia pia kwa Waislamu waliosoma, wakilisema kwa ulaini zaidi: kwamba mito na bustani ni ishara tu za utulivu wa nafsi, na kwamba kila moyo una Pepo yake, kwa hiyo haifai kumwambia mtu kuwa amekosea. Si jambo jipya. Wanafalsafa wa zamani walidai kwamba kufufuliwa ni kwa roho peke yake na kwamba maelezo ya mwili yamewekwa kwa ajili ya fahamu za watu wa kawaida, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), akalihesabu dai hilo kuwa mojawapo ya mambo matatu yaliyowatoa nje ya imani. Tofauti ya leo ni kwamba dai hilo halitolewi tena kwa hoja, linatolewa kwa huruma. Nalo likija kwa sura ya huruma huwa gumu zaidi kulikataa, hasa kwa mtu mwenye msiba.

Basi tulipime kwa upande wake huo huo. Mzee anasema watu walijichorea Akhera ili wajifariji. Kama ndivyo, ni nani aliyechora hesabu? Kitabu kile kile kinachotaja bustani zipitiwazo na mito chini yake ndicho kinachotaja Moto, na mizani ambamo hata uzito wa chembe ya wema au ya uovu utaonekana (Az-Zalzala 99:7-8), na siku ambayo mtu atamkimbia nduguye, na mama yake na baba yake, na mkewe na wanawe (Abasa 80:34-36). Mama anayetafuta faraja hachori siku ambayo mtu anawakimbia wanawe. Isitoshe, watu wa kwanza kuisikia habari hii hawakuwa wakiitamani. Wengi wa Makureshi hawakuamini kufufuliwa kabisa, washairi wao waliwalilia wafu wao kama walioondoka moja kwa moja, na Mtume (S.A.W.) alipowaambia kwamba watafufuliwa na kuulizwa, walimcheka, na imepokewa kwamba mmoja wa wakubwa wao alimjia na mfupa mkavu akauvunjavunja mbele yake kwa dhihaka. Dini inayodaiwa kutungwa ili kuwafurahisha watu ilianza kwa kuwaambia watu jambo ambalo hawakulitaka.

Kuhusu watu wale kutofautiana katika majibu yao, sioni ajabu yoyote wala sioni hoja. Ukiwauliza wapita njia habari za mji ambao hawajaufika, watatofautiana pia, na mji utabaki pale ulipo. Tena tusisahau kwamba katika filamu huwa kuna mtu aliyechagua jibu gani libaki na lipi likatwe, na jibu la kuchekesha hubaki mara nyingi kuliko jibu la mtu aliyesema kwa utulivu, "Mimi nimeletewa habari na Mitume, nami nimeamini." Mwenyezi Mungu alikwisha kulikata jambo hili mbele ya makundi yote, na la kuzingatia ni kwamba Waislamu ndio waliotangulizwa kukatazwa: "Si kwa matamanio yenu, wala si kwa matamanio ya Watu wa Kitabu. Anayefanya ubaya atalipwa kwa huo" (An-Nisaa 4:123). Pepo haigawiwi kwa matamanio yetu kama ambavyo haigawiwi kwa matamanio yao.

Hata hivyo, mtu asichukue maneno yangu kuwa ni ruhusa ya kuwacheka watu waliosema kwamba wanataka kazi yao huko, au mnyama wao, au nyumba waliyoizoea. Hata watu wa Peponi wametajwa kuwa na matamanio ya namna hiyo. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alisimulia habari ya mtu wa Peponi atakayemwomba Mola wake ruhusa ya kulima. Ataulizwa, "Kwani huna unachokitaka?" Atajibu kwamba anacho, lakini anapenda kulima. Atapanda, na mara moja mimea itaota, itakomaa na kuvunwa, ikiwa mirundo kama milima. Bedui mmoja aliyekuwepo akasema kwamba wallahi mtu huyo hawezi kuwa ila Mkureshi au Ansari (mwenyeji wa Madina), maana wao ndio wakulima, ama sisi kilimo hatukijui, Mtume (S.A.W.) akacheka. Hakumkemea mtu kwa kutamani. Qur'ani inasema kwamba humo mtakuwa na vinavyopendwa na nafsi na vinavyoburudisha macho (Az-Zukhruf 43:71). Kosa halimo katika kutamani, limo katika kuyafanya matamanio kuwa ndiyo ushahidi. Bedui alikuwa amekaa mbele ya anayeletewa wahyi, na watu wa filamu wameulizwa wao kwa wao.

Sasa nije kwa yule bibi wa chumba cha upasuaji. Simwiti mwongo. Mtu anaweza kuona jambo likamtetemesha maisha yake yote, na madaktari wenyewe wamelichunguza: mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uholanzi kwa wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakarudishwa, na 62 kati yao walisimulia kwamba waliona au kuhisi kitu. Wengine 282, waliopita katika hali ile ile, hawakuwa na la kusimulia, nao ni nadra kualikwa mbele ya kamera. Wapo pia wanaotunga. Kitabu kilichouzwa Marekani kuanzia mwaka 2010 kilidai kwamba mtoto mmoja alikwenda mbinguni baada ya ajali ya gari, na mwaka 2015 mtoto huyo, akiwa sasa kijana, aliandika hadharani kwamba hakufa wala hakwenda mbinguni, na kwamba aliyasema yale ili atazamwe na watu. Mchapishaji akakiondoa kitabu sokoni.

Lakini tuseme kwamba bibi huyu ni mkweli kabisa. Moyo uliosimama kisha ukarudishwa si yale mauti ambayo Mwenyezi Mungu amesema kwamba nyuma yake kuna barzakh, yaani kizuizi baina ya wafu na dunia, mpaka siku watakapofufuliwa (Al-Muuminun 23:100). Katika Sura Az-Zumar, Aya ya 42, ametueleza kwamba huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi, kisha huizuia iliyohukumiwa kufa na kuirudisha nyingine mpaka muda maalumu. Iliyorudi, basi, ni ile ambayo haikuwa imehukumiwa kufa. Baba yake Sahaba Jabir, Abdullah bin Amr bin Haram, aliuawa shahidi katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria, na Tirmidhi amepokea kwamba Mwenyezi Mungu alimwambia atamani akitakacho. Akatamani arudishwe duniani auawe tena kwa ajili Yake, akaambiwa kwamba neno limekwisha kupita kuwa wao hawarudi. Ikiwa shahidi aliyezungumza na Mola wake hakurudishwa, nani amerudi kwa kuzinduliwa hospitalini?

Huenda mtu akasema kwamba Qur'ani imetaja waliorudi. Ni kweli, kwa muujiza. Tazama basi walisema nini. Yule mtu wa Sura Al-Baqara, Aya ya 259, alifishwa miaka mia, akafufuliwa, akaulizwa amekaa muda gani, naye akajibu, "Nimekaa siku moja au sehemu ya siku." Aliyekufa kweli karne nzima hakutuletea habari ya nuru wala ya jamaa waliompokea, hata muda wenyewe hakuujua. Kwa hiyo alichokiona bibi huyo nakiweka katika hukumu ya ndoto: yaweza kuwa ya kheri, yaweza kuwa ya shetani, yaweza kuwa mazungumzo ya nafsi, na hata iliyo njema haibatilishi Aya. Kauli kwamba wote watapokelewa bila kuulizwa lolote imegongana waziwazi na maneno ya Mwenyezi Mungu, na inaponijia kauli iliyogongana nayo siangalii machozi ya anayeisema.

Umeniuliza kama nawe unajichorea. Kuna sehemu ya fikra zako iliyo na tegemeo, na kuna sehemu iliyo yako mwenyewe, na zote mbili hazina dhambi maadamu hujazichanganya. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, ambaye alikuwa bado ananyonya, alilia na kusema kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu, kisha akasema kwamba Ibrahim ana mnyonyeshaji Peponi. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari. Katika Bukhari pia imo njozi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Samura bin Jundub, ambamo aliwaona watoto waliokufa wangali katika maumbile yao safi wakiwa bustanini, wamemzunguka Nabii Ibrahim (A.S.). Unaposema kwamba binti yako yuko bustanini hujabuni kitu. Mchezo anaoucheza na nguo aliyovaa ndivyo vya kwako, na katika hivyo hali halisi imezidi ulichokifikiri, kwani Mwenyezi Mungu amesema katika hadithi kwamba amewaandalia waja Wake wema ambacho jicho halijakiona, sikio halijakisikia, wala hakijapita katika moyo wa mwanadamu.

Huenda mtu akakutajia hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Muslim, ambaye alisema juu ya mtoto wa Kiansari aliyefariki kwamba ni ndege katika ndege wa Peponi, na Mtume (S.A.W.) akamwambia, "Au si hivyo, ewe Aisha", yaani huenda ikawa vinginevyo. Isikutishe. Imamu Nawawi ameeleza kwamba wanazuoni wanaotegemewa wamekubaliana kuwa watoto wa Waislamu wanaokufa wakiwa wadogo ni wa Peponi, na kwamba hadithi hii huenda ilikuwa ni kumkataza haraka ya kukata jambo bila dalili, au ilisemwa kabla ya kuletewa elimu ya jambo hilo.

Isome badala yake hadithi nyingine ya Muslim. Abu Hassan alifiwa na wanawe wawili, akamwendea Abu Hurayra kumwomba hadithi ya Mtume (S.A.W.) itakayozituliza nafsi zao juu ya wafu wao; yaani alikwenda na swali lako. Akaambiwa kwamba watoto wao wanatembea Peponi bila kizuizi, na kwamba mmoja wao humkuta baba yake, au alisema wazazi wake, akamshika nguo, wala hamwachi mpaka Mwenyezi Mungu awaingize Peponi yeye na baba yake. Katika kukutana huku, mama, asiye na hofu ni binti yako. Mwenye kazi iliyobaki ni wewe. Sala unayoisali moyo ukiwa haupo ni sala, na kwa aliyefiwa huenda ikawa nzito zaidi katika mizani kuliko ulivyodhani. Usiiache ukisubiri moyo urudi kwanza. Mtajie Mola wako huzuni yako katika sijida kwa lugha yako uliyoizoea, katika sala zako za sunna, wala usijilazimishe kukauka machozi.

Kijana wako asinyamazishwe, wala asinyang'anywe simu kana kwamba swali ndilo kosa. Amefiwa na dada yake, na sidhani kwamba anauliza habari za filamu peke yake. Kaa naye, msomee habari ya mkulima wa Peponi na ya mtu wa miaka mia, umwache aulize mpaka atosheke, na likija swali usilolijua mwambie kwamba hulijui, kisha niandikieni nyote wawili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.