Ukiishika Nagona, usianze kutafuta hadithi

Mtu akiniambia kaiacha riwaya ya Nagona njiani kwa sababu "haieleweki", huwa namuuliza alikuwa akitafuta nini humo. Jibu halibadiliki: nani kamfanyia nani nini, wapi, na ikaishaje. Riwaya za shuleni zimetulea hivyo, na Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Nagona, mwenyewe ni mmoja wa waliotulea. Rosa Mistika yake ya 1971 unaweza kumsimulia abiria mwenzako kwenye daladala, akashuka kaielewa.

Nagona (1990) na riwaya yake nyingine, Mzingile (1991), hazisimuliki hivyo. Msimulizi ni "mimi" anayesafiri katika nchi isiyo kwenye ramani, na akina Plato, Marx, Nietzsche na Freud wanajitokeza humo kama wahusika. Wahakiki huiita mbinu hii ya kuviita vitabu vingine ndani ya kitabu mwingilianomatini, na mtindo mzima, unaovunja kanuni za riwaya ya kawaida, wanauita usasaleo. Majina hayo yatakufaa kwenye mtihani. Kwenye kusoma hayasaidii sana.

Kinachosaidia ni sauti. Katika kikundi chetu cha kusoma tunapokezana kitabu, kila mtu ukurasa wake. Yakifika mazungumzo ambamo mmoja anauliza hili na mwenzake anajibu jingine kabisa, chumba kizima kinacheka. Ukisoma kimya hucheki. Unakunja uso ukidhani kuna kitu kimekupita. Na sikiliza lugha yenyewe: sentensi fupi, maneno ya kila siku, huhitaji kamusi. Kezilahabi ndiye yule aliyewaudhi wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, kwa mashairi huru ya diwani yake Kichomi (1974), na hata alipozamia falsafa hakuhamia kwenye Kiswahili cha kujikweza. Ugumu uko kwenye mpangilio: tukio halileti tukio, linaibua jingine na kuliacha hapo.

Kwa hiyo shika penseli. Kila paa, yule mnyama, anapotokea, kila ukimya unapotajwa, weka alama pembeni. Alama hizo ndizo msuko wako. Ila usikimbilie kuandika kwamba "paa ni ukombozi" ukafunga kitabu, kama miongozo ya mitihani inavyopenda. Paa akishakuwa kitu kimoja, kurasa zote zilizobaki zinakuwa kazi bure.

Wenye haraka nawashauri waanzie kwingine. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed ina mzimu wa babu anayemrudia mjukuu wake, K, mtu aliyeshiba ufisadi. Hasira ya kisiasa inakushika mkono hata pale uhalisia unapoyeyuka. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila nayo inakuzungusha duniani kumsaka mtu aitwaye P.P., na msako ni kamba ya kutosha kushikilia. Baada ya hizo mbili, rudi kwa Kezilahabi. Nagona ni nyembamba, Jumamosi moja inatosha. Jumapili isome tena kabla hujagusa Mzingile.