Je, nipimwe kabla ya kununua fimbo za gofu?

SWALI: Mimi ni mwanamke wa futi 5 na inchi 10, na nimecheza netiboli miaka mingi. Nimejifunza gofu kwa seti ya wanawake ya kuazima. Sasa nataka yangu, na muuzaji anasema nichukue seti kama hiyo iliyo tayari. Mipira yangu ya aironi fupi (fimbo za chuma za masafa mafupi) huenda kulia karibu kila mara. Wenzangu wanasema kupimwa ni mambo ya mabingwa. Nifanyeje? – Msomaji, Nyali

JIBU: Dada yangu, pimwa, yaani fundi alinganishe fimbo na mwili wako na mpigo wako, na upimwe kabla hujalipa. Bingwa akipewa fimbo isiyomfaa anajua namna ya kuipatia. Anayejifunza hupindisha mgongo na viwiko ili aifikie, na kupindika huko kukishakuwa mazoea, mwalimu atapata kazi kubwa kukuondolea.

Seti za wanawake za dukani hukatwa kwa mtu wa kimo cha wastani. Kwa kawaida ni fupi kwa inchi moja hivi kuliko za wanaume, na shafti zake, yaani mipini, ni zile laini zenye alama ya L. Kwa kimo chako na mikono ya netiboli, huenda vipimo vikaangukia kwenye shafti za wanaume. Vikiangukia huko, zichukue bila kusita.

Hiyo mipira ya kulia ndiyo iliyonigutusha. Nachukulia unapiga kwa mkono wa kulia. Fimbo ikiwa fupi na shingo yake, pale kichwa kinapoungana na shafti, imelala mno kwa mtu mrefu, inapofika kwenye mpira kisigino (upande wa kichwa ulio karibu na shingo) huinuka, ncha (upande wa mbali) ikachimba nyasi, na uso wa fimbo ukaelekea kulia. Kosa hilo huonekana zaidi kwenye weji (fimbo ya mipira mifupi ya juu) na aironi 9 kuliko kwenye draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali), kwa sababu nyuso za weji na aironi 9 zimeinama zaidi. Unaweza kulichunguza mwenyewe uwanjani. Chora mstari mnene kwa maka pen kwenye mpira, uuweke mpira chini mstari ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, kisha upige. Alama itabaki kwenye chuma. Ikisimama wima, fimbo inakufaa, na dawa ya mipira kwenda kulia itafute kwa mwalimu. Juu yake ikiinamia kisigino, shingo imelala mno. Ikiinamia ncha, imesimama mno. Piga mipira kadhaa kabla ya kuamini.

Shingo hukunjwa, lakini si kila chuma hukubali. Aironi za chuma kilichofuliwa hukunjika kwa nyuzi (digrii) moja au mbili bila taabu. Zilizomiminwa kwenye kalibu ni ngumu zaidi na nyingine huvunjika. Ndiyo maana nasema upimwe kwanza.

Siku ya kupimwa, pasha mwili, kisha piga kama upigavyo kila siku. Wengi hukaza nguvu ili mashine ya kupimia mpigo ionyeshe kasi kubwa, wakaondoka na shafti ngumu wasiyoiweza. Omba pia upige nje, uone mpira ukiruka. Hapa pwani upepo wa kusi hauhurumii mpira unaopaa mno, na ukicheza Mombasa Golf Club, pale juu ya bahari, utalijua hilo mapema.

Mshikio usiuache nyuma. Ukishika kwa mkono wa kushoto, vidole vya kati viguse kiganja kidogo tu, visikichome. Kwa jasho letu la Februari, mshikio wa raba uliochanganywa na nyuzi za kitambaa hauteleziki haraka.

Wala huhitaji kujaza fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na kanuni. Draiva, moja ya zile ziitwazo mbao, aironi chache, weji na fimbo ya kusukumia shimoni zatosha kuanzia. Mwambie anayekupima akuandikie urefu, pembe ya shingo, ugumu wa shafti na unene wa mshikio kwenye karatasi, uende nayo kwa muuzaji yeyote, hata wa mitumba.