Maswali na Majibu: Kuchora Huku Muziki Ukipigwa

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu jambo moja, nalo ni kazi ya mchoraji anayealikwa kwenye ukumbi wa muziki au tamasha ili achore mbele ya hadhira mpaka picha ikamilike usiku huohuo. Nimechagua barua nne na kuzijibu kwa kadiri ya uzito wa kila moja.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, ufundi nimefundishwa na mjomba wangu. Bendi moja ya dansi imenialika nichore pembeni ya jukwaa, katika ukumbi ulioko Kinondoni, kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita. Picha zangu huchukua siku kadhaa kukauka, na sijawahi kuchora mbele ya watu. Nifanye nini ili nitoe picha ya kweli, isiwe ya kubabaisha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kutowahi kuchora mbele ya watu, kwa sababu sidhani kwamba ni kweli kabisa. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuuza picha zake Oyster Bay mwishoni mwa miaka ya 1960, mafundi wa mtindo huu wamefanya kazi barazani na kando ya barabara, wapita njia wakisimama, wakiuliza bei na kutoa maoni yao bila kuombwa. Umelelewa katika utamaduni huo. Kitakachokuwa kigeni kwako ni giza, kelele na saa zilizohesabiwa, na hayo yote yanaweza kuandaliwa.

Tatizo lako kubwa ni rangi. Rangi ya mafuta, ile ya kung'aa ambayo Tingatinga aliipaka juu ya hadibodi na ambayo mafundi wengi bado wanaitumia, haifai kwa kazi hii. Inabaki mbichi kwa saa nyingi, vumbi la wachezaji litaganda juu yake, mkono wa mpita njia utaifuta, na tina unayoichanganyia hutoa mvuke unaoumiza kichwa na unaoshika moto kwa urahisi mahali ambapo watu wanavuta sigara. Kwa usiku huo tumia akriliki, ambayo huchanganywa na maji na, ikipakwa nyepesi, hukauka kwa dakika chache, ingawa katika unyevu wa pwani yetu usishangae ikichelewa. Jihadhari na jambo moja ambalo limewaharibia wengi: usiandae usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, kwa rangi ya mafuta nyumbani kisha ukaja kuchora juu yake kwa akriliki ukumbini, kwa maana akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta, na baada ya muda itaanza kubanduka. Kinyume chake kinawezekana. Ukitaka mng'ao uliouzoea, subiri akriliki ikauke kabisa, kisha rudi na rangi ya mafuta au vanishi ukiwa nyumbani.

Mtindo wako wenyewe umekwisha kukupa njia ya kushinda saa. Fundi wa Tingatinga hutandaza usuli kwanza, akauacha ukauke, ndipo akaleta mnyama au mtu juu yake. Basi fanya vivyo hivyo: usuli uupake siku mbili kabla, pamoja na mchoro wa awali kwa penseli au chaki, halafu ukumbini ulete kile ambacho hadhira imekuja kukiona kikizaliwa. Wapo watakaosema kwamba huo ni udanganyifu kwa kuwa kila kitu kilipaswa kuanza saa tatu kamili. Sikubaliani nao hata kidogo. Hiyo bendi nayo imefanya mazoezi wiki nzima, na hakuna anayeidai itunge nyimbo jukwaani.

Kuhusu ukubwa, kwa saa tatu nisingevuka sentimita 80 kwa 100. Mwaka 1956 Mfaransa Georges Mathieu alichora mbele ya watazamaji wapatao 2,000 katika ukumbi wa Sarah-Bernhardt jijini Paris, kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, la mita 4 kwa 12, lakini yeye alikuwa akirusha na kuminya rangi moja kwa moja kutoka kwenye mirija yake, wala hakuhitaji kumaliza manyoya ya kanga mmoja baada ya mwingine. Wewe unahitaji. Anza na maumbo makubwa yenye kiza, ili aliyeketi meza ya nyuma aone kwamba kuna kitu kinachotokea, kisha shuka polepole kuelekea vitone na mistari.

Sasa taa, jambo ambalo wengi hulisahau mpaka waione picha yao asubuhi. Taa za jukwaani hubadilika rangi, na kila rangi ya taa inakuficha kitu. Chini ya taa nyekundu, rangi nyekundu na nyeupe hufanana, na buluu huonekana kama nyeusi. Chini ya taa ya buluu, nyekundu ndiyo inayogeuka kiza. Ukichanganya rangi katika mwanga huo utakuwa unakisia. Nenda na taa yako nyeupe ya LED yenye kishikio, uielekeze kwenye picha peke yake ili isiwaudhi wachezaji wala fundi wa taa. Unaponunua, soma boksi: tafuta CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi wake, ya 90 au zaidi, na kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe, kati ya 4,000 na 5,000. Chukua pia taa ya kuchaji kwa ajili ya umeme kukatika, na ekstensheni ndefu uibane sakafuni kwa selotepu ili mtu asijikwae. Rangi zako zipange kwa mpangilio uleule kila mara na uandike jina la kila moja kwenye kopo, ili mkono uzijue hata jicho likidanganywa. Kumbuka vilevile kwamba akriliki ikikauka huwa na kiza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi.

Baada ya hapo usikilize muziki, kwani ndio sababu ya wewe kuwapo. Wimbo wa dansi una sehemu ya kuimba kwa utulivu na kisha chemko, magitaa na tumba zinaposhika kasi na ukumbi mzima kuinuka. Fanya kazi ndogondogo katika ile sehemu ya kwanza, na kwenye chemko shika brashi pana, kwa kuwa sakafu itatikisika na mkono utataka kwenda wenyewe. Ungealikwa kwenye taarabu ningekushauri tofauti, kwa kuwa huko wimbo ni mrefu, mwendo wake ni wa kutulia, na akina mama huinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Ukiweka stendi yako kwenye njia ya kutuza utakuwa umewakosea wenye shughuli.

Jambo la mwisho ni la maoni yangu binafsi. Usijilazimishe kumchora mwimbaji ili afanane. Sura inayofanana hudai utulivu ambao hutaupata, na watu hawataangalia tena picha bali watapima pua na midomo. Chora ukumbi kwa macho ya fundi wa Tingatinga: wapiga tarumbeta wakiwa ndege wenye shingo ndefu, wachezaji wakiwa pundamilia, chochote ambacho usuli wako unakiruhusu. Na ukifika saa tano na nusu, weka brashi chini hata kama unaona pengo, kwa sababu katika nusu saa ya mwisho, ukiwa umechoka na watu wakikushangilia, ndipo picha nyingi nzuri huharibiwa.

Swali: Salaam aleikum. Nilichora kwenye tamasha la muziki hapa Mombasa. Mwandalizi alininunulia turubai na rangi, akanilipa ujira wa usiku mmoja, na mwishoni akaichukua picha. Hatukuandikiana chochote. Sasa picha ileile imechapishwa kwenye fulana zinazouzwa, jina langu halipo. Je, sheria inanilinda? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nitakujibu bila kukupaka mafuta. Kwa kawaida mchoraji ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza ya kazi yake, na kumuuzia mtu turubai hakumpi mtu huyo haki ya kulichapisha kwenye nguo. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu ambacho kila mchoraji wa Kenya anapaswa kukijua kabla hajafungua kopo la rangi: kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kutoandikiana kwenu, ambako huenda ulidhani kunawaacha nyote sawa, kumempendelea yeye.

Hata hivyo hukubaki mikono mitupu. Sheria hiyohiyo inamwachia msanii haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, na haki hizi hubaki kwake hata zile za kibiashara zikihamia kwa mwingine. Fulana isiyo na jina lako inagusa haki hiyo ya kwanza. Tena, inafaa kuuliza kama alichoagiza kilikuwa ni picha hasa, au ni wewe kuwepo na kuchora mbele ya wageni. Hilo ni suala la mwanasheria, nami sitajifanya mmoja. Kusanya ujumbe wote mliotumiana kwa simu, picha zilizopigwa usiku ule na uthibitisho wa malipo, kisha nenda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kabla ya hapo, mwandikie mwandalizi barua ya heshima ukidai jina lako liwekwe na upewe sehemu ya mauzo, kwa kuwa madai mengi ya aina hii humalizika mezani.

Na kuanzia leo usipande jukwaani bila karatasi moja iliyotiwa saini. Iseme nani atabaki na turubai, na kwamba hakimiliki inabaki kwako hata kama kazi imeagizwa. Iseme saa za kuanza na kumaliza, arubuni utakayopewa kabla ya siku, nani atanunua vifaa, na nini kitatokea shughuli ikiahirishwa kwa mvua. Ikiwa picha itanadiwa usiku huo, iandikwe bei ya kuanzia na mgao wako. Mwandalizi mwema hatachukia karatasi hiyo, kwa maana hata mwenye spika na mwenye mahema hudai ya kwao.

Swali: Je, kelele za spika zinaweza kumdhuru mchoraji anayekaa jukwaani usiku kucha? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndiyo, tena madhara yake hayarudi nyuma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani unaotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na hata kiwango hicho si cha kukaliwa kwa saa nyingi bila kinga. Vaa vizibo vya masikio, weka stendi nyuma ya mstari wa spika kubwa badala ya mbele yake, na utoke nje kila mara bendi inapopumzika. Kama unatumia rangi za kupuliza, usizipulize ndani ya ukumbi uliofungwa hata ukiwa na barakoa, kwani wageni hawana.

Swali: Binti yangu ana miaka 22 na ana kipaji cha kuchora. Ameanza kualikwa kwenye kumbi za usiku, na mimi na mama yake hatulali. Tumkataze? (Mzazi, Tanga)

Jibu: Mzee mwenzangu, wasiwasi wako una msingi, na sitaudharau. Lakini binti huyu ni mtu mzima aliyealikwa kazini, na ukimkataza huenda ataendelea kwenda bila kukuambia. Ni bora umsaidie kuweka masharti yake. Aende na mwenzake, kijana au dada anayemwamini, ambaye atalinda vifaa, kuzungushia kamba eneo la kazi na kumwondoa kwa upole mlevi anayetaka kushika brashi. Maji yake ya kunywa yawe mbali na kopo la kuoshea brashi na yasiachwe peke yake. Malipo yakamilishwe kabla hajaanza kuchora, ili asibaki akimsubiri mwenye ukumbi ahesabu fedha saa nane za usiku. Na mkataba wake utaje usafiri wa kurudi kwa gari, si bodaboda, kwa sababu picha iliyo mbichi haibebeki juu ya pikipiki, na wachoraji wengi huchelewa kurudi kwa kungoja ikauke.