Mwanangu Hamza: Speedster ya asili au ya nakala?

Mwanangu Hamza,

Umeniuliza kama ukijaliwa fedha ununue Porsche 356 Speedster ya asili, lile gari dogo la wazi la Kijerumani, au nakala yake ya bodi ya faibaglasi. Kwa kuwa unataka kuiendesha hapa Tanga, jioni Raskazone na mwisho wa wiki mpaka Pangani, nunua nakala.

Speedster za asili zilitengenezwa miaka ya 1954 hadi 1958. Wakati ule huko Marekani moja iliuzwa chini ya dola 3,000, leo ni mamia ya maelfu. Anayelipa kiasi hicho analipia namba: ya chasisi na ya injini, zilingane na kumbukumbu za kiwanda. Ukibadilisha injini, bei inashuka hata kama gari linakwenda vizuri zaidi. Tena bodi yake ni chuma kilichochomelewa pamoja na sakafu. Kutu huanzia ndani ya mihimili iliyo chini ya milango, penye betri na penye kuwekea jeki, na hewa yetu ya chumvi haiachi kitu. Rangi ikivimba chini ya mlango, ujue ndani kumeshaoza.

Nakala nyingi zimekalia sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma Beetle ina milimita 2,400, na 356 ina 2,100, kwa hiyo hukatwa kama sentimita 30 kisha huungwa. Kiungo hicho ndicho roho ya gari. Ingia chini na tochi: kiwe kimechomelewa mfululizo toka upande mmoja hadi wa pili, si kudonoa hapa na pale. Kisha inua upande mmoja kwa jeki, ufungue na kufunga mlango. Ukikwama, sakafu inajipinda, na hilo usilinunue kwa bei yoyote.

Joto ndilo linaloua injini za nakala hizi, nazo nyingi ni za Beetle. Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa, na mabati yanayoizunguka pamoja na mpira wake wa pembeni yakikosekana, feni huvuta hewa ileile iliyokwisha kupata moto chini. Oili ni lita 2.5 tu na hakuna filta, kuna chujio la waya, hivyo imwage kila kilomita 5,000. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15.

Faibaglasi haipitishi umeme. Kila taa inahitaji waya wake wa hasi unaorudi kwenye chasisi. Taa ikififia, anza na waya huo kabla ya kununua balbu. Bodi ikipasuka, mpelekee fundi wa boti za faibaglasi. Puti pekee itaachia.

Sasa kadi ya gari. Namba ya chasisi ya Beetle imegongwa kwenye mgongo wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma; ilingane na hati. Bodi inaweza kuwa ya juzi huku hati inasema 1968, na gari kuukuu likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida. Mpe wakala wa forodha mwaka ulio kwenye hati akupigie hesabu mapema. Na siku ukiliuza, mwambie mnunuzi waziwazi kuwa ni nakala.

Kabla hujatoa hata malipo ya awali, nitumie picha za kile kiungo na ya namba.

Baba yako